Mke Mwenzangu Ana Mabawa

Nilimgundua kwenye taarifa ya benki. Hapakuwa na meseji ya mapenzi wala alama ya lipstiki kwenye kola, kama tunavyosoma kwenye kurasa hizi kila mwezi. Mimi ni mfanyakazi wa benki, Kahama, na namba huniambia mambo kabla ya watu. Jumamosi moja ya mwaka 2015 nikakuta shilingi milioni 18 zimetoka kwenye akaunti yetu ya pamoja. Hela ya bati hiyo, jamani! Nyumba yetu ilikuwa imefika kwenye lenta, inasubiri kuezekwa.

"Baba Junior, ni nani huyo?" nilimuuliza.

Alikaa kimya, kisha akatoa simu akanionyesha picha. Alikuwa mweupe, amechakaa kidogo, kazaliwa Marekani mwaka 1956. Alikuwa na viti viwili, pangaboi moja na kigurudumu kidogo mkiani. Mume wangu na wenzake wawili walikuwa wamenunua ndege, na milioni 18 ilikuwa awamu ya kwanza tu ya hisa yake.

Nililia. Sikulia kwa sababu ya ndege, nililia kwa sababu hakuniambia.

Mume wangu ni fundi wa mitambo mgodini, upande wa Geita. Leseni ya urubani aliipata kabla hatujaoana, kwa hiyo ugonjwa niliukuta. Mama mkwe wangu, Msukuma wa Shinyanga vijijini, alipoambiwa bei ya hicho chombo aliuliza swali moja: "Mayu, ng'ombe gani huyu asiyetoa maziwa wala kuzaa?" Sikuwa na jibu.

BIBI KIZEE ANATAKA NINI?

Anaitwa Piper Super Cub. Aina hii ilianza kutoka kiwandani mwaka 1949, na hadi leo marubani wa porini wanaipenda kwa sababu inaruka na kutua mahali pafupi. Mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyovalishwa kitambaa. Ndiyo, kitambaa! Kinavutwa, kinabana, kinapakwa rangi maalumu mpaka kinalia kama ngoma. Wa kwetu alivalishwa upya kitambaa cha poliesta, maana cha pamba cha zamani huchoka kwa jua na unyevu.

Ndege nyingi za siku hizi zina gurudumu la tatu puani. Huyu anakaa na mkia chini, pua juu. Akiwa ardhini rubani haoni vizuri mbele, hivyo huendesha kwa kupinda kushoto na kulia kama nyoka. Hatari yake ni kwamba uzito mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa. Upepo ukimsukuma pembeni, mkia unataka kuupita pua, na usipowahi kwa miguu anazunguka na kulamba ardhi kwa bawa. Ndiyo maana marubani husema ndege ya namna hii unairusha mpaka umeifunga kamba.

Halafu kuna kumrembesha. Walimfungia matairi mapana kwa ajili ya viwanja vya mawe na vumbi, mikanda ya mabegani, na redio mpya. Usidhani ni kama kufunga rimu kwenye gari la mtaani. Kila badiliko lina hati yake, lazima likubaliwe na kuandikwa kwenye kitabu cha ndege. Na kila kizuri kina gharama: matairi mapana yanapunguza mwendo na yanainua pua zaidi.

Mafuta nayo ni kasheshe. Anakunywa lita 30 na ushee kwa saa, tena petroli maalumu ya ndege, ambayo ni ngumu kupata kuliko mafuta ya jeti. Oili inabadilishwa kila baada ya saa chache za kuruka, ukaguzi mkubwa ni kila mwaka. Kuna na vijimambo: nyigu anajenga kwenye kile kibomba kinachopima mwendo, panya anataka kuzalia ndani ya bawa. Wikiendi zetu nyingi ziliishia kwenye hanga, Mwanza, mimi nimekaa kwenye ndoo nashika tochi.

KUTU YA NDANI

Ukaguzi wa mwaka 2016 ndio ulionibadilisha. Mabawa ya Super Cub yameshikiliwa kwa nguzo za chuma zinazotoka chini ya mwili. Nguzo za zamani zina uwazi ndani, maji yakiingia zinaoza kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Tangu miaka ya 1990 mamlaka za Marekani zimeagiza nguzo za Piper za namna hiyo zikaguliwe kila baada ya miezi 24, au ziwekwe mpya zilizozibwa kabisa. Fundi alipominya ya kushoto kwa kifaa chake, chuma kilibonyea.

Mmoja wa wabia akasema, "Mbona imeruka miaka yote? Tumalizie mwaka, hela ikipatikana tutabadilisha."

Mume wangu akakataa. "Hairuki," alisema. Jioni ile ile alikuja nyumbani na karatasi, akakaa mezani kwangu kama mteja wa mkopo. Bei ya nguzo, usafiri, ushuru, kila kitu. Kisha akasema, "Mama Junior, sijagusa hata senti. Amua wewe."

Niliitazama karatasi ile muda mrefu. Nikaona ndoa yetu ilikuwa kama nguzo ile: nje harusi nzuri, picha ukutani, ndani siri inakula chuma. Sasa mtu alikuwa ameifungua na kunionyesha kutu yake mwenyewe.

Nikaamua: bati kwanza, nguzo baadaye. Bibi kizee alikaa chini miezi saba. Wabia walinuna, mume wangu hakulalamika hata siku moja.

SAFARI YA NUNGWE

Mwaka 2017 akaniuliza kama niko tayari kupanda. Nikamwambia nataka kwenda kuiona Nungwe. Si Nungwi ya Zanzibar, ni ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Geita. Nilikuwa nimesoma habari za Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro, Kenya, na kuwa rubani wa kibiashara miaka ya 1930. Kitabu chake cha mwaka 1942 kinafungua na safari ya tarehe 16 Juni 1935, Nairobi hadi Nungwe, saa 3 na dakika 40, akiwa peke yake na ndege yake aina ya Avro Avian. Alikuwa anapeleka mtungi wa oksijeni kwa mgonjwa katika kambi ya wachimba dhahabu. Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia, mzima.

Kumbe mkanda huu wa dhahabu ulishazoea ndege za kukalia mkia kabla mama mkwe hajazaliwa!

Kwenye Super Cub abiria anakaa nyuma ya rubani. Kwa hiyo safari nzima nilitazama kisogo cha mume wangu. Chini yalipita mawe ya Mwanza, maji, mitumbwi, mashamba ya mihogo, na kwa mbali mashimo ya Geita, mekundu kama vidonda. Nikaona jinsi anavyogeuza kichwa kila mara, kushoto, kulia, juu. Anatafuta ndege wenye manyoya. Januari 1959 Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama Serengeti na baba yake, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tai. Alikuwa na miaka 24.

Wakati wa kutua, upepo wa ziwa ulitupiga ubavuni. Tulikuwa karibu kugusa, injini ikanguruma, tukapanda tena. Moyo wangu uliruka wenyewe. "Samahani mke wangu," nikasikia kwenye spika za masikioni, "haikukaa vizuri. Narudia." Akarudia, tukatua taratibu, na miguu yake haikupumzika mpaka tuliposimama.

Siku hiyo nilimsamehe zile milioni 18. Mwanaume anayekubali mbele yangu kwamba haikukaa vizuri, naweza kuishi naye.

KAMA NA WEWE UNA MKE MWENZA

Awe ndege, pikipiki kubwa, boti au timu ya mpira, mpenzi msomaji, sisi tuliyojifunza ni haya:

• Kununua ni mwanzo tu. Ulizeni gharama ya mwaka mzima, si bei ya siku moja.
• Mfungulieni akaunti yake. Hela ya nyumba isikutane naye.
• Mwenye hobi atoe taarifa kabla, si baada.
• Asiyependa naye ajaribu mara moja. Shika hata tochi.

Nyumba imeezekwa. Mama mkwe bado anauliza kuhusu maziwa. Mimi siku hizi namjibu: "Mayu, huyu anatoa ukweli. Si haba."