Gugu karoti husafiri kwa magurudumu

Mvua zikishaanza, kandokando ya barabara za Arusha huota mmea wenye majani yaliyochanika kama ya karoti. Ukiwa mchanga hulala chini, majani yakitanda duara juu ya udongo. Kisha shina huchomoza, likatoa matawi mengi na kurefuka hadi mita moja na nusu au hata mbili, na juu yake vikajaa vichwa vya maua meupe, vidogo kuliko kifungo cha shati. Kitazame kichwa kimoja kwa karibu: kina pembe tano. Jani lililochanika na ua jeupe la pembe tano vikikutana kwenye mmea mmoja, hilo ni gugu karoti, ambalo jina lake la kisayansi ni Parthenium hysterophorus. Asiyelijua huweza hata kulichuma akalipanga kwenye shada la maua.

Kwao ni Amerika, kuzunguka Ghuba ya Meksiko. Ni ndugu wa karibu wa ambrosia, gugu la Amerika Kaskazini ambalo chavua yake huwatesa watu wa Ulaya kwa mafua na pumu. India lilionekana Pune katikati ya miaka ya 1950, na ujio wake huhusishwa na ngano iliyoagizwa kutoka Marekani. Australia liliingia na mbegu za malisho. Kenya lilikuwapo tangu miaka ya 1970, na mwaka 2010 likatangazwa kisheria kuwa gugu hatari. Mwaka huohuo liliripotiwa Arusha.

Nguvu yake iko kwenye mbegu. Mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu 15,000 au zaidi, kila moja ikiwa na urefu wa milimita mbili hivi. Halisubiri msimu: likipata joto na unyevu huota, na wiki nne hadi sita baadaye tayari lina maua. Mbegu zilizofukiwa ardhini hukaa miaka kadhaa zikiwa hai, kwa hiyo shamba lililosafishwa mara moja likaonekana jeupe litakuwa kijani tena mvua ijayo. Mkulima hapaswi kukata tamaa hapo. Mbegu zinazoota ni zile za zamani, na akiing'oa miche yake kabla haijazaa, akiba ya ardhini hupungua.

Ndani ya majani na shina kuna kemikali iitwayo parthenini. Hiyo huzuia mbegu za mimea mingine kuota na hulifanya gugu liwe chungu. Ng'ombe huliepuka, wakala nyasi zilizo pembeni. Malisho yanapokuwa machache na mifugo mingi, nyasi huliwa hadi mizizini na gugu hubaki peke yake likizaa. Mwaka unaofuata nafasi yake ni kubwa zaidi, na nyasi ni chache zaidi. Ng'ombe mwenye njaa akilila, maziwa hugeuka machungu na nyama huharibika ladha. Akilila kwa wingi huweza kufa.

Kwa binadamu, ngozi huwasha, huvimba na kupasuka. Wengine hupata mafua ya mzio, wengine pumu. Jambo la kuogofya ni kwamba mzio huu hujengeka polepole. Mtu anaweza kupalilia gugu karoti kwa mikono mitupu misimu kadhaa bila dalili yoyote, kisha siku moja mwili ukakataa, na tangu hapo akaumia kila anapoligusa. Tena watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walichapisha mwaka 2015 matokeo yanayoonyesha kuwa mbu wanaoeneza malaria huweza kuishi kwa kunyonya utamu wa mmea huu.

Sasa tuje kwenye safari zake. Mbegu hizi hazina manyoya ya kupaa mbali. Upepo huzisogeza mita chache tu, isipokuwa zikikumbwa na kimbunga cha vumbi. Maji ya mifereji na mito huzibeba, na mifugo huzibeba kwenye kwato na manyoya. Lakini ukifuatilia mahali lilipoanzia karibu kila eneo, utakuta barabara, mnada wa mifugo, au jengo linalojengwa. Mbegu hukaa kwenye tope la matairi, kwenye meno ya greda, ndani ya lori la mchanga au moramu, na katikati ya marobota ya nyasi kavu yanayouzwa wakati wa ukame. Ndiyo maana naona tunakosea tunapomwachia mkulima na jembe lake vita vyote. Machimbo ya moramu yakaguliwe kabla lori halijapakia. Greda lioshwe kabla halijahamia wilaya nyingine. Mfugaji anunue marobota akiwa ameuliza yamekatwa wapi.

Kung'oa ndiyo njia ya uhakika kwa eneo dogo. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu ili mzizi utoke mzima, kabla ua halijafunguka, ukiwa umevaa glavu, mikono mirefu na barakoa. Kufyeka hakusaidii, kwa sababu kisiki huchipua upya. Likishachanua usiliburute, litie guniani papo hapo na ulichome. Glifosati huliua, lakini huua na nyasi, na ardhi iliyobaki wazi ndiyo hasa gugu hili linayoitaka. Isitoshe, nchini Kolombia liliripotiwa mwaka 2004 kuwa na usugu dhidi ya dawa hiyo.

Kwa maeneo makubwa, matumaini yangu yako kwa mbawakawa mdogo wa Meksiko, Zygogramma bicolorata. Yeye na viwavi wake hula majani na machipukizi hadi mmea ushindwe kuchanua. Aliachiliwa Australia mwaka 1980, India mwaka 1984, na Afrika Kusini mwaka 2013. India walipata hofu pale alipoonekana akila alizeti, na serikali ikaunda jopo la uchunguzi. Hofu ile ilikuwa ya haki, na ndiyo sababu kila nchi humjaribu mdudu kwanza kwenye mazao yake ndani ya maabara iliyofungwa. Lakini pia ana udhaifu: wakati wa kiangazi hujifukia ardhini, na mvua zikirudi gugu humtangulia.

Ndiyo maana mwanzo wa mvua bado unahitaji mikono ya watu, na hapo ndipo hifadhi ya barabara inapokuwa na uzito. Mkulima hung'oa hadi mpakani mwa shamba lake. Hatua mbili mbele, ukanda wa barabara umejaa maua meupe na hakuna anayeugusa hadi mvua zinapoelekea kuisha, mafyekeo yanapopita yakirusha mbegu zilizokomaa huku na huku. Mikono ileile inayofyeka ingeweza kung'oa mapema. Mikataba ya matunzo ya barabara iandike kung'oa badala ya kufyeka kila penye gugu karoti, duru ya kwanza ianze wiki ya tatu baada ya mvua za kwanza, kisha irudiwe kila wiki tatu hadi mvua zikatike.