Taarifa za Chama Katika Mitandao ya Kijamii: Wajibu wa Katibu



Kati ya kanuni saba za ushirika zilizokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, kanuni ya tano ni elimu, mafunzo na habari. Vyama vyetu vingi huikumbuka elimu na mafunzo kwa kuwa huja pamoja na semina, habari husahauliwa. Makala haya yanaeleza namna chama cha msingi kinavyoweza kuitumia mitandao ya kijamii, hasa WhatsApp, kuwapasha wanachama habari za chama chao, pamoja na mipaka ambayo katibu hana budi kuizingatia.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Mashirika makubwa, yakiwamo makampuni ya migodi ya dhahabu, huajiri maofisa wa uhusiano ambao kazi yao ni kusema na umma. Chama cha msingi hakina ofisa huyo. Kazi yake humwangukia katibu, apende asipende. Mkulima wa pamba hamjui mwenye kiwanda wala soko la dunia. Anayemjua ni yule aliyempimia pamba na kumwandikia stakabadhi.

Msimu wa 2019 ulitupa funzo. Bei ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini bei ya soko la dunia ilishuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu bila kulipwa. Chanzo cha kuchelewa huko hakikuwa ndani ya ghala la chama. Hata hivyo, mwanachama asiyeambiwa lolote hana njia ya kumtofautisha katibu ambaye hajapokea fedha na katibu aliyezila. Watu wetu husema lisemwalo lipo. Chama kikinyamaza, methali hiyo humhukumu katibu.

Tena siku hizi uvumi hauendi kwa miguu. Kijana aliye machimboni Nyarugusu hupokea kwa dakika moja neno lililosemwa ghalani kijijini kwao, naye hulipeleka kwa wenzake kabla ofisi ya chama haijafunguliwa. Dawa ya hali hiyo ni chama kutangulia kusema, na kusema kwa hesabu.

Namna ya kuandaa kundi la chama

(a) Bodi ipitishe azimio la kuanzisha kundi, liandikwe katika muhtasari, na watajwe watu wawili wenye mamlaka ya kutoa taarifa.

(b) Laini ya simu iwe ya chama, si ya katibu. Katibu akiondoka, simu na kundi vikabidhiwe pamoja na madaftari na mihuri.

(c) Kundi la matangazo lifungwe ili wasimamizi peke yao waandike. Maswali ya wanachama yapokelewe kwa namba ya ofisi, na jibu linalowahusu wote litangazwe kwa wote.

(d) Kila taarifa ichapwe na kuwekwa katika jalada, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku ile ile. Ubao na simu vikitofautiana, vyote viwili havitaaminiwa.

Taarifa iliyo njema

Maneno kama "malipo yatafika karibuni, tuwe na subira" hayamsaidii mtu anayedaiwa karo. Taarifa njema ina tarehe, kiasi, sababu na siku ya taarifa inayofuata. Tutoe mfano wa kubuni:

"Tarehe 14 Juni, saa 9 alasiri. Pamba iliyokusanywa hadi leo: kilo 18,400. Iliyochukuliwa na mnunuzi: kilo 15,000. Iliyobaki ghalani: kilo 3,400. Iliyolipwa: kilo 9,200. Kilo 5,800 zilizochukuliwa hazijalipwa kwa kuwa mnunuzi hajaingiza fedha. Taarifa nyingine itatolewa tarehe 17 Juni, hata kama halitakuwapo jipya."

Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwanachama huvumilia kungoja. Asichovumilia ni kutojua atangoja mpaka lini. Na siku iliyoahidiwa ikifika, katibu aandike, hata kama habari ni mbaya.

Kwa wasiosoma, katibu aisome taarifa hiyo hiyo kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Kwa wasio na simu za kisasa, ambao mara nyingi ni wazee na akina mama, wajumbe wa bodi waifikishe katika vitongoji.

Mambo ya kuepuka

Kwanza, usipige picha ya daftari la malipo na kuituma ili kuthibitisha kuwa watu wamelipwa. Picha hiyo huonyesha majina, namba za simu na kiasi alichopata kila mmoja. Mwizi naye huisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazilinda taarifa hizo. Toa jumla, mwenye kutaka hesabu yake aonyeshwe ofisini.

Pili, usipeleke mbele habari ya bei au ya pembejeo usiyoijua chimbuko lake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu usambazaji wa habari za uongo kwa nia ya kudanganya.

Tatu, chama kisiombe fedha kamwe kwa ujumbe wa kundi. Wanachama wakilijua hilo mapema, tapeli anayejifanya katibu atakosa pa kuanzia.

Nne, kundi si mkutano mkuu. Alama ya dole gumba si kura. Makisio ya mapato na matumizi, ukomo wa madeni na uchaguzi wa bodi ni mambo ya wanachama waliokutana kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na masharti ya chama. Kazi ya simu ni kuwafanya waje mkutanoni wakiwa na habari.

Hitimisho

Mitandao haimfanyi katibu mwizi kuwa mwaminifu, wala haiponyi hesabu zisizofungwa. Taarifa ya simu ni sawa na stakabadhi: thamani yake hutokana na kilichomo ghalani. Basi kila chama kianze na daftari lililo sahihi, kisha kiliseme wazi. Mwanachama aliyezoea kupewa hesabu ya chama chake kwa wakati, siku ya uvumi atauliza ofisini kwanza.