Fundi wa Vioo na Maswali ya Watu

Watoto, tazameni dirisha. Mwanga unaingia, lakini mvua haiingii. Kinachoizuia mvua ni kioo. Nacho kioo kimetoka katika mchanga. Mchanga mweupe huchanganywa na magadi na chokaa, hutiwa katika tanuru yenye moto wa digrii 1500 hivi, nao huyeyuka kama asali. Ukipoa umekuwa kioo.

Siku moja kioo kinavunjika, na baba anakutuma kwa fundi. Fundi huulizwa maswali yale yale kila siku.

«Fundi, waweza kuunga kioo hiki?» Hapana. Gundi inashika vipande, lakini ufa unaonekana na dirisha linabaki dhaifu. Fundi atakata kioo kipya.

«Nimeleta kipimo, hiki hapa.» Naye mtoto anatoa kamba mfukoni! «Mwanangu, kamba inavutika. Rudi nyumbani ukapime kwa metri.» Pima pale kioo kinapolala ndani ya mbao: juu, katikati na chini, maana mbao hujipinda. Kisha pima kusimama kwake vile vile. Kama juu ni sentimetri 42, na chini ni sentimetri 41 na milimetri 8, shika kile kipimo kidogo. Tena punguza milimetri 3. Sababu gani? Wakati wa mvua ubao unavimba, na kioo kilichobanwa kinapasuka. Kioo kikizidi kidogo, ni kazi ngumu sana kukipunguza. Kikipungua mno, hakuna mtu awezaye kukivuta. Hapo franka za baba zimepotea.

«Unakikata kwa msumeno?» Hapana. Fundi ana almasi ndogo katika mpini, ama kigurudumu cha chuma kigumu alichochovya katika mafuta ya taa. Anachora mstari mara moja tu, hairudii. Anauweka mstari juu ya ukingo wa meza, anakandamiza, tá! kioo kimekatika kwa kufuata mstari. Almasi nyingi za Mbuji-Mayi si za pete. Ni za kazi za namna hii, kukata na kutoboa vitu vigumu.

«Basi nikatie dirisha kwa kioo cha mlango wa motokari.» Haiwezekani. Kioo kile kilitiwa motoni mara ya pili kikapozwa ghafula kwa upepo. Ukijaribu kukikata, chote kinavunjika kuwa punje punje.

Mama mmoja anauliza: «Kioo changu cha kujitazamia kina madoa meusi. Nisugue kwa nini?» Mama, usisugue. Doa haliko mbele, liko nyuma. Nyuma ya kioo kuna utando mwembamba wa feza (feza ya kweli, si ya kununulia chumvi), na juu yake rangi ya kuulinda. Mjerumani Justus von Liebig alionyesha namna ya kupaka feza hiyo mwaka 1835. Maji yakipenya pembeni, feza inaharibika, wala hairudi. Kwa hiyo lowesha kitambaa, usimwagie kioo maji, wala usikitundike penye ukuta wenye unyevu.

Kioo kipya hushikwa kwa misumari midogo na mastiki, yaani unga wa chokaa uliokandwa na mafuta ya kitani. Kwanza mastiki ya zamani itolewe yote kwa patasi, na ubao upakwe rangi. Ubao mkavu unakunywa mafuta, mastiki inapasuka. Ukikandamiza kioo, bonyeza kandokando, usibonyeze katikati. Usipake mastiki rangi upesi. Ngoja juma mbili.

Na vipande vilivyobaki dirishani? Vaa viatu, funga mikono kwa kitambaa kinene. Anza na vile vya juu, usije ukashughulika na vya chini, na cha juu kikakuangukia mkononi. Vifunge katika gazeti, vitie katika kopo, usivitupe njiani wanakopita wenzako bila viatu. Kisha pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa chembe nyingine hazionekani kwa macho. Kitambaa hicho usikifue; kitupe pamoja na vipande.