Mtoto Asikuponyoke Karaini

Leo tuzungumze kuhusu mtoto kuteleza wakati wa kuogeshwa.

Vitu viwili vinapogusana na kimoja kikitaka kusonga, kuna nguvu inayokizuia. Nguvu hiyo huitwa msuguano. Ndiyo inayokuwezesha kushika kikombe na kutembea bila kuanguka. Maji na sabuni vikiingia katikati, msuguano hupungua. Ndiyo maana kipande cha sabuni hukuponyoka mkononi. Mtoto aliyepakwa sabuni anaweza kukuponyoka vivyo hivyo.

Mama, fanya hivi. Tandika kitambaa ndani ya karai kabla ya kutia maji. Kitambaa hurudisha msuguano, makalio ya mtoto yasiteleze. Pitisha mkono wako nyuma ya shingo yake, umshike kwapani upande wa pili. Pangusa maji yaliyomwagika sakafuni. Usimwache mtoto majini peke yake, hata kwa dakika moja.

Akianguka na kugonga kichwa, kisha atapike, alegee, asinzie kupita kawaida au apate degedege, mpeleke hospitalini mara moja. Usingoje kesho.