Somo la Redio: Mawimbi Mbalimbali, Mwendo Mmoja

Fungueni madaftari, na mwenye penseli aishike. Leo tutasema habari ya mwendo wa mawimbi.

Swali letu ni hili. Kuna mwanga wa jua, kuna eksirei za hospitali, na kuna mawimbi yanayoleta masomo haya katika redio yako. Katika hayo, lipi lina mbio kuliko mengine? Wengine hudhani ni mwanga. Wengine hudhani ni eksirei, kwa kuwa hupenya mwilini. Sivyo. Mahali patupu, pasipo hewa wala kitu cho chote, yote huenda mwendo mmoja: karibu kilomita 300,000 kwa kila sekunde. Kitu chenye mwendo huo kingeweza kuizunguka dunia mara saba na zaidi kwa sekunde moja.

Je, tumejuaje? Utazameni mwezi. Toka hapa mpaka huko ni kilomita 384,000 hivi, na karibu njia yote ni tupu. Tarehe 10 Januari, 1946, wataalamu wa jeshi la Marekani huko New Jersey walirusha mawimbi ya redio mpaka mwezini. Yaligonga yakarudi, kama mwangwi wa mtu apigaye kelele mbele ya jabali. Kwenda na kurudi yalichukua sekunde mbili na nusu hivi.

Mwaka 1969, watu walipofika mwezini mara ya kwanza, waliacha huko chombo cha kurudisha mwanga, mfano wa kioo cha kujitazamia. Tarehe 1 Agosti mwaka huo, wataalamu wa California walikipiga kwa mwanga mwekundu wa leza, nao ukarudi. Ulichukua muda gani? Sekunde mbili na nusu hivi! Safari ile ile, muda ule ule.

Basi tofauti ya mawimbi hayo ni nini? Ni urefu wake. Wimbi moja la redio ile lilipita mita mbili na nusu. Lakini mawimbi ya mwanga mwekundu, zaidi ya elfu moja hutosha ndani ya milimita moja. Ya eksirei ni mafupi zaidi tena.

Mfikirieni baba aendaye sokoni na mtoto wake. Baba hupiga hatua ndefu, chache. Mtoto hupiga hatua fupi, nyingi. Wakienda sambamba, watafika pamoja. Redio ni baba, mwanga ni mtoto.

Haya, tupige hesabu. Mawimbi yenye urefu wa mita 300 hupita 1,000,000 kwa sekunde. Zidisha: utapata mita 300,000,000, ndizo kilomita 300,000. Mawimbi ya mita 3 hupita 100,000,000 kwa sekunde. Zidisha tena. Jibu ni lile lile.

Lakini lishikeni neno "patupu". Ndani ya maji au kioo mwanga hupunguza mwendo, na rangi ya buluu hupungua kuliko nyekundu. Kwa hiyo tone la mvua huzitenga rangi za mwanga wa jua, nasi tukaona upinde wa mvua.

Jambo hili lina faida kubwa. Mwendo ukijulikana, muda huwa kipimo cha umbali. Kwa njia ya leza wataalamu wamegundua kwamba mwezi unatuacha kidogo kidogo, karibu sentimita 4 kila mwaka. Na tangu mwaka 1983, hata mita ya muuza vitambaa asili yake ni mwanga: mwanga hwenda mita 299,792,458 kamili kwa sekunde moja mahali patupu.

Maswali ya daftari:
1. Mawimbi ya mita 30 hupita mangapi kwa sekunde moja?
2. Kwa nini redio na leza zilichukua muda sawa mpaka mwezini na kurudi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.