Mbwa wa Ploti: Sheria Inapomtafuta Mwenyewe

Karibu sheria zote za Kenya zinazohusu mbwa zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba kila mbwa ana mwenyewe, yaani mtu anayejulikana kwa jina na kwa makazi, aliyemtwaa mnyama huyo kwa hiari, na ambaye kwa sababu hiyo anaweza kudaiwa leseni, kuulizwa kadi ya chanjo na kushtakiwa mnyama wake anapomdhuru jirani. Dhana hiyo haina taabu katika mitaa ya Karen au Runda, ambako nyumba moja ina ua mmoja, lango moja na jina moja kwenye hati ya ardhi. Inakwama Umoja, mtaa wa Eastlands ulio kati ya Barabara ya Outer Ring na Kayole, kwa kuwa mbwa wengi waonekanao hapo si wa mtu bali ni wa ploti: mmoja huwatupia makombo, mwingine huwafukuza kwa fagio, wote hunufaika wanapombwekea mgeni wa usiku, na siku wanapouma hakuna anayewajua.

Hali hiyo ina historia yake, na historia yenyewe ni ya ujenzi. Umoja ya kwanza ilijengwa katika miaka ya 1970 na Baraza la Jiji la Nairobi kwa msaada wa fedha wa USAID, shirika la misaada la Marekani, ikiwa na nyumba karibu 3,000 za chini zilizokusudiwa watu wa kipato cha kadiri, na kila nyumba ikaachiwa nafasi ya kuongezewa vyumba. Umoja ya pili ikafuata katika miaka ya 1980 kwa mpango kama huo wa nyumba ndogo za msingi ambazo mnunuzi angezipanua mwenyewe kadiri mfuko wake utakavyoruhusu. Wanunuzi walizipanua kweli, ila wengi walipanua kwenda juu badala ya kando, hasa katika eneo la Innercore, ambako nyumba ya chini ilibomolewa ikapisha ghorofa tano, sita au zaidi za kupangisha, nao ua uliotarajiwa kuwa wa watoto, wa kamba za nguo na pengine wa banda la mbwa, ukamezwa na msingi wa jengo. Mbwa hakuondoka pamoja na ua. Alihamia ngazini, langoni kwa askari wa usiku, au juu ya paa katikati ya matangi ya maji, na katika uhamisho huo akapoteza mtu wa kumwita wake.

Kati ya mbwa wa lango na mbwa koko, yaani yule anayezurura bila makao, mpaka ni mwembamba sana. Askari aliyemzoea akiachishwa kazi, au ploti ikiuzwa, mbwa wa lango huwa koko kwa wiki moja, na koko aliyezoea kulala mbele ya bucha huweza kupandishwa cheo akawa mlinzi bila yeyote kuandikisha lolote. Wote wawili hula mahali pamoja. Wataalamu wa idadi ya mbwa mijini husisitiza kwamba wingi wao hutegemea zaidi kiasi cha chakula na maficho kuliko uzazi peke yake, na Umoja haikosi hata kimoja kati ya hivyo viwili: kuna soko la Mutindwa, kuna mabucha na wauza mutura wa jioni, kuna taka zinazokaa siku kadhaa kando ya barabara zikisubiri lori la kuzipeleka Dandora, kwenye jaa ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001 na bado linapokea. Ndiyo maana mauaji ya jumla, ambayo kwa miaka mingi serikali za mitaa za Afrika Mashariki ziliyafanya kwa chambo cha nyama chenye strikinini, sumu inayoua kwa kukakamaza misuli hadi pumzi ikatike, hayakuwahi kumaliza mbwa wa mji wowote. Mbwa waliokufa waliacha jalala lile lile na nafasi ile ile, na wengine wasiochanjwa wakaja kuijaza. Tena sumu haikuchagua kati ya koko na mbwa wa mtu aliyetoroka saa moja.

Hoja ya mwenyewe hupata uzito wake wote katika kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao rekodi za Kenya zinaonyesha kuwa ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, tena kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Virusi vyake huishi katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa jeraha la meno au mkwaruzo, kisha husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, safari ambayo kwa binadamu huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa ya wiki moja tu au ikakaribia mwaka. Dalili zikishatokea, kifo karibu hakiepukiki. Kabla hazijatokea, karibu kila mtu anaweza kuokolewa. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, jambo ambalo katika mtaa wenye mifereji inayokauka kama Umoja huhitaji mtu awe na mtungi wa akiba, kisha majeruhi hupelekwa hospitali, ambayo kwa wengi wa eneo hili ni Mama Lucy Kibaki, akaanzishiwa mfululizo wa sindano za chanjo, na jeraha likiwa la kina huongezewa imunoglobulini, yaani kinga iliyokwisha kutengenezwa tayari inayodungwa kulizunguka jeraha lenyewe. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema kichaa cha mbwa huua Wakenya wapatao 2,000 kila mwaka. Duniani idadi hiyo hukadiriwa kuwa 59,000, na takriban asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa.

Hapa ndipo mbwa asiye na mwenyewe anapogeuka kuwa gharama ya watu wote. Mbwa aliyeuma akiwa na mtu wa kumfungia, anaweza kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima kwa muda huo, mate yake hayakuwa na virusi alipouma, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizosalia. Mbwa wa ploti hapati siku hizo kumi. Ama hutoweka vichochoroni, ama hupigwa mawe na umati jioni ile ile na kichwa chake kupondwa, na kichwa ndicho chenye ubongo ambao maabara za mifugo za Kabete zingeupima ili kutoa jibu la hakika. Majeruhi hubaki na shaka, na shaka hiyo huilipia kwa kumaliza dozi zote, kila moja ikiwa na nauli yake, siku yake ya kazi iliyopotea na foleni yake.

Mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliowekwa kwa kipindi cha 2014 hadi 2030, unategemea kanuni inayokubalika kote duniani kwamba maambukizi hukatika iwapo angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, na kiwango hicho kikidumishwa mwaka baada ya mwaka. Kwamba kanuni hiyo si ndoto ya vitabuni kumeonyeshwa Pemba, kisiwa ambacho chanjo za jumla zilikisafisha kufikia mwaka 2014, kisha ugonjwa ukaingia tena mwaka 2016 kwa mbwa waliotoka nje ya kisiwa, ukapigwa vita upya na kisa cha mwisho cha mlipuko huo kikaonekana mwaka 2018. Pemba ina bahari pande zote. Umoja haina hata ukuta kati yake na Kariobangi Kusini, na siku ya chanjo ya bure inapotangazwa kwa kipaza sauti, wanaokuja ni wale ambao tayari wana mbwa wa kamba na kadi. Yule wa ngazini, anayegusana na koko kila usiku, hana wa kumleta.

Sheria zenyewe hazikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, inazipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na inataja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa. Ni nadra katiba ya nchi kushuka hadi kwenye shingo ya mbwa namna hiyo. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inawapa maafisa wa mifugo mamlaka ya kuchukua hatua kali ugonjwa unapotishia eneo, ikiwa ni pamoja na kuagiza mbwa wafungwe na wachanjwe na kuwakamata au kuwaua wanaozurura. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumtesa au kumwacha bila chakula. Yenye meno zaidi kwa mkazi wa ghorofa, hata hivyo, ni ile isiyotajwa sana, yaani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ambayo kifungu chake cha 243 kinamtia hatiani mtu anayeacha kwa uzembe kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Kifungu hicho hakisemi mnyama aliyemnunua, wala mnyama aliyemwandikisha. Kinasema aliye mikononi mwake, na kwa tafsiri ya kawaida ya maneno hayo, mwenye ploti anayemruhusu mbwa alale langoni mwake kila usiku kwa sababu anamsaidia kulinda mali, na kumlisha kupitia kwa askari anayemlipa mshahara, hawezi kujitoa kirahisi kwa kusema kwamba mbwa ni wa mtaa.

Tafsiri hiyo ikizoeleka, mambo mengi ya Umoja yatakaa sawa bila sheria mpya. Mikataba ya upangaji kwa kawaida humkataza mpangaji kufuga, huku jengo lenyewe likifuga bila mkataba, na ukinzani huo humwacha mpangaji na hasara zote za mbwa bila sauti juu yake. Ingefaa zaidi ploti itamke kwamba ina mbwa, ikamwandikisha kwa jina la mwenye ploti au msimamizi wake, na chanjo ya kila mwaka ikalipwa kutoka mfuko ule ule unaolipia taa za ngazi na uzoaji wa taka. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa mwaka 2013 ili majirani wafahamiane kwa ajili ya usalama, unajua tayari ni nani aliyehamia wapi; orodha ya mbwa wa kila lango si mzigo mkubwa kwake, na afisa wa mifugo wa kaunti angeipata kazi yake nusu imefanywa.

Kukubaliana na majirani ni sehemu ngumu zaidi kuliko chanjo. Kelele za mbwa usiku zinaweza kuangukia kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, lakini wachache hufika huko. Ugomvi huishia ngazini. Kwa jirani Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na ingawa dini yake haikatazi mbwa wa ulinzi, mbwa anayelamba kizingiti cha ghorofa ya tatu humwongezea kazi kila anapojiandaa kuswali. Kuna pia watoto, ambao duniani ni karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, na ambao mara nyingi huficha mkwaruzo wakiogopa kuchapwa.

Mbwa mwenyewe naye ana hatari zake. Anayefungwa mnyororo mfupi juu ya paa la mabati mchana kutwa huchomwa na jua, hukosa maji, huwa mkali kwa kila mtu, na ukali huo ambao mwenyewe hujivunia ni dalili ya hofu kuliko ya ulinzi. Mtoto wa mbwa anayeuzwa kando ya barabara kabla ya kutimiza wiki nane huwa bado hajajengewa kinga kamili, na pavo, ugonjwa wa virusi unaoharisha damu, humwua kwa siku chache. Chanjo yake ni tofauti na ile ya kichaa, ambayo kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu, na wauzaji huwachanganya wanunuzi kuhusu jambo hilo. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kumfunga kizazi na kumhasi dume hupunguza watoto wanaotupwa na pia mapigano ya msimu. Kazi hizo ni za watu waliosajiliwa na Bodi ya Mifugo ya Kenya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011, si za muuzaji wa agroveti anayekubali kudunga sindano kaunta. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na shirika la KSPCA, linalopokea wanyama walioteswa na waliotelekezwa, liko Karen. Vyote viwili viko upande wa pili wa jiji, na nauli ya kumpeleka mbwa huko, kwa kuwa makondakta wengi wa matatu hawamkubali, mara nyingi huzidi bei ya chanjo yenyewe.

Kifungu kile cha Katiba hakiishii kwenye leseni. Kinataja pia mahali pa kuwahifadhi wanyama, kuwatunza na kuwazika, na neno hilo la mwisho lina maana ya moja kwa moja katika mtaa usio na ardhi iliyo wazi. Mbwa anayefia ngazini Umoja hutiwa katika gunia, akaachwa kwenye rundo la taka, ambako mbwa wengine humla kabla ya lori kufika. Ikiwa alikufa akitokwa na mate, akitembea kwa kupepesuka au akiuma hewa, asiguswe kwa mikono mitupu wala asitupwe. Aarifiwe afisa wa mifugo wa kaunti ndogo, aliyeguswa na mate yake aoshe na kwenda hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja majibu, na mzoga ufunikwe mahali ambapo watoto na mbwa wengine hawafiki, hadi kichwa chake kichukuliwe kupelekwa Kabete.