Je, Wajua? Kamera ndani ya kofia

Mwaka 1928 Mjerumani Erich Salomon alipiga picha za kesi mahakamani, kamera ikiwa kofiani! Alitoboa tundu, lenzi ikachungulia hapo. Flashi hakutumia.

Kamera yake, Ermanox, ilitoka mwaka 1924. Tundu la lenzi lilikuwa pana mno, likanasa hata mwanga hafifu wa taa za ndani. Lakini haikutumia filamu. Kila picha ilitaka kioo chake, sentimita 4.5 kwa 6, kibadilishwe bila watu kushtuka. Kazi ya ustadi kwelikweli!

Mwaka 1932 alipiga picha Mahakama ya Juu ya Marekani ikiwa kikaoni. Alijifanya amevunjika mkono, kamera akaificha kwenye kitambaa cha kuuning'inizia.

Nawe ukipiga picha za harusi usiku bila flashi kama yeye, fungua lenzi yote, bana viwiko mbavuni, subiri msemaji atulie.